Kwangu Zinaonekana!

"Dada, picha ziko wapi?"

Meneja wa hoteli aliniuliza hivyo mbele ya watu, na mimi nimesimama hapo kama nimepigwa shoti ya umeme.

Ukutani, kwenye kitambaa cheupe cha projekta, tovuti yangu ilikuwa imefunguka vizuri tu kutoka kwenye kompyuta ya hoteli. Jina la biashara lipo. Namba ya simu ipo. Lakini kila mahali palipotakiwa kuwa na picha palikuwa na kiboksi cheupe, na pembeni yake kialama kidogo kama cha karatasi iliyochanika!

Viboksi vitupu, juu mpaka chini. Picha hata moja ya dawa haikuwepo.

Msomaji wangu, usiseme "si picha tu hizo". Ngoja nikueleze kwanza.

Mimi ni mpambaji wa kumbi. Harusi, mahafali, sherehe za kampuni, zote nazichukua. Seremala akimaliza meza, meza inabaki. Mshonaji akimaliza gauni, gauni linavaliwa tena. Mimi kazi yangu inabomolewa siku ileile. Maua yanatupwa, vitambaa vinaenda kufuliwa, na wageni wanakumbuka chakula. Kinachobaki ni picha peke yake. Bila picha mimi ni mwanamke tu anayedai anajua kupamba!

Na siku hiyo hoteli ilikuwa inachagua mpambaji mmoja wa kudumu, wa kumbi zake zote. Kazi niliyoiota tangu nilipoanza kukodi viti kwa kubembeleza.

"Meneja, asubuhi zilikuwepo!" nikasema. "Nyumbani kwangu zinaonekana zote!"

"Nyumbani kwako," akarudia Meneja, mama mmoja mwenye miwani, mtulivu kupita kiasi. "Sisi tuko hapa."

Wapambaji wenzangu waliokaa nyuma wakacheka kichinichini. Nikajifanya sijasikia.

Nikarifreshi ukurasa ujipakie upya... viboksi. Nikafunga kila kitu nikafungua upya... viboksi! Nikatoa simu yangu, nikazima intaneti ya hoteli, nikaweka bando langu mwenyewe. Viboksi vilevile, vimenitolea macho!

"Dada, kaa pembeni ulishughulikie tatizo hilo," Meneja akasema. "Tumsikilize anayefuata."

Mlango ukafunguliwa.

Aliyeingia alikuwa wifi yangu!

Wifi namaanisha dada wa mume wangu, sio ile ya intaneti. Ingawa zote mbili siku hiyo zilinikatikia.

Huyu wifi asubuhi hiyohiyo alinitumia ujumbe: "Wifi, nina homa kali, siwezi kuja kukusaidia leo. Nakuombea." Mimi mjinga nikamjibu pole, nikamwambia anywe maji mengi. Sasa mwenye homa huyo hapo, viatu virefu, nywele mpya, kompyuta kwapani, anatabasamu kama bibi harusi!

"Habari zenu," akasema. "Samahani kwa kuchelewa."

Hakunitazama.

Nyie, huyu mtu nimemfundisha mimi. Alikuja kwangu hajui hata kufunga utepe kwenye kiti. Nikamshika mkono, nikampeleka kwenye kila kazi, nikamwonyesha maua gani yanavumilia joto na yapi yananyauka kabla keki haijakatwa. Alikula kwangu. Alilala kwangu. Mume wangu alikuwa akituona tunakata vitambaa sebuleni anasema, "Nyinyi wawili mtafika mbali." Kumbe mmoja alikuwa ameshapanga kufika bila mwenzake!

Akachomeka kompyuta yake kwenye projekta. Tovuti yake ikafunguka. Mimi hata sikujua kama ana tovuti.

Na picha zikajaa ukutani. Nzuri. Kubwa. Zinang'aa.

PICHA ZANGU!

Ukumbi wa mahafali wenye taa za kuning'inia, wangu! Bustani yenye meza ndefu, yangu! Halafu ikaja ile ya upinde wa maua meupe, na hapo nikasimama bila kujijua. Kwenye kona ya picha ile, nyuma ya pazia, linaonekana beseni langu la njano. Beseni la kuloweka maua. Nililisahau pale siku ya kupiga picha, na kila nikiiangalia linanikera. Leo lile beseni lilikuwa ukutani, chini ya jina la biashara ya wifi yangu!

"Muongo!" nikapiga kelele. "Hizo kazi ni zangu! Mpaka beseni ni langu!"

Vichwa vyote vikanigeukia.

Wifi akageuka taratibu, akaniangalia kwa huruma ya kuigiza.

"Wifi, kama ni zako si uzionyeshe? Mbona kwako hakuna hata moja?"

Watu wakacheka. Safari hii hawakujificha.

Wapendwa, nilitamani kumvamia! Nilitamani nimvue zile nywele pale pale. Simu ikaniponyoka ikaanguka kwenye zulia.

"Dada, ukipaza sauti tena nitakuomba utoke," Meneja akasema.

Nikaokota simu, nikatoka mwenyewe.

Nikasimama kwenye korido, katikati ya vikapu vya mashuka machafu, nikampigia fundi aliyenitengenezea tovuti. Nilikuwa nalia kwa hasira. Mnakijua kile kilio ambacho machozi yanatoka lakini meno yamekazana? Kile.

"Fundi! Picha zangu hazionekani!"

"Tulia dada. Zote au baadhi?"

"Zote!"

"Umerifreshi?"

"Mpaka kidole kimekufa ganzi!"

"Umejaribu simu nyingine, mtandao mwingine?"

"Nimejaribu kila kitu! Na asubuhi nyumbani zilikuwepo, nimeziona kwa macho yangu!"

"Kwenye kompyuta yako ya kila siku?"

"Ndiyo."

Akavuta pumzi. "Hapo umedanganywa, dada."

"Na nani?"

"Na kompyuta yako mwenyewe. Kivinjari, ile programu unayofungulia tovuti, kina tabia ya kujiwekea akiba. Picha uliyoiona jana kinaihifadhi humohumo ndani, ukifungua leo kinakupa ile ya akiba ili usisubiri. Kule inakotoka inaweza kuwa imeshaondoka zamani, wewe unaendelea kuiona tu."

Yaani nilikuwa natazama kivuli?

"Sasa shikilia kiboksi kimoja kwenye simu," akaendelea, "chagua ufungue picha peke yake. Inasemaje?"

Nikafanya. "Inasema haipatikani."

"Basi mtandao hauna kosa. Folda ya picha imehamishwa au imebadilishwa jina. Nani mwingine ana neno lako la siri?"

"Mimi na mume wangu tu."

Fundi akaguna. Mimi huku moyoni nikawa namwonea huruma mume wangu! Nikasema maskini, dada yake kamchungulia akamwibia neno la siri, na yeye hana habari. Nilimwonea huruma, jamani. Naomba mkumbuke hilo.

"Fungua tovuti ya huyo wifi yako," Fundi akasema. "Shikilia picha yake moja, ifungue peke yake, unisomee anwani iliyo juu."

Anwani yake niliiona ukutani, nikaingia, nikafungua ile picha ya beseni. Nikaanza kusoma. Nilipofika neno la pili nikanyamaza.

"Dada?"

"Fundi... anwani inaanza na jina la tovuti YANGU."

Akacheka. Kicheko kifupi cha mtu aliyekuta panya kwenye mtego.

"Huyo hajachukua picha akaondoka nazo. Picha bado ziko ndani kwako! Kabadilisha jina la folda tu, kurasa zako zikawa zinagonga mlango ambao haupo. Halafu kurasa za kwake kazielekeza kwenye jina jipya. Anachota kisimani kwako, kwako ndoo imekauka. Na subiri... humu kaweka mpaka picha zake binafsi. Huyu hakutaka hata kukodi nafasi yake mwenyewe mtandaoni ya kuweka picha. Nirudishe jina la zamani?"

"Usirudishe!" nikamkatiza. "Subiri niingie ndani."

Nikajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. Nikarudi ukumbini, simu sikioni.

Wifi alikuwa anamalizia. "...kwa hiyo kazi zetu zinajieleza zenyewe," anasema, mkono kiunoni.

"Meneja, naomba dakika moja," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya chini mpaka mimi mwenyewe ikanitisha. "Sitapiga kelele."

Meneja akaniangalia juu ya miwani. "Moja tu."

"Fungua tovuti ya wifi kwenye simu yako. Shikilia picha yoyote unayotaka wewe, uifungue peke yake. Halafu soma anwani kwa sauti."

"Ya nini sasa?" Wifi akadakia. Tabasamu lilikuwa limeanza kuhama. "Meneja, huyu anapoteza muda wenu. Ana wivu tu, hata nyumbani yuko hivyohivyo!"

Meneja hakumjibu. Alibonyeza, akasubiri, akasoma. Jina la biashara yangu likatoka mdomoni mwake, wazi, mbele ya wale wale waliocheka.

"Mbona picha yako inaishi kwenye tovuti ya mwenzako?" akamuuliza Wifi.

"Ni... ni mtandao umechanganya! Mitandao siku hizi inachanganya sana!"

"Fundi," nikasema kwenye simu, "rudisha."

Nikachomoa kompyuta ya Wifi, nikairudishia projekta kompyuta ya hoteli, ile iliyoniaibisha. Nikafungua tovuti yangu upya.

Zikaingia! Moja baada ya nyingine... taa za kuning'inia, bustani, meza ndefu, upinde wa maua meupe na beseni lake la njano pembeni. Wallahi lile beseni sijawahi kulipenda kama siku ile!

"Sasa tuangalie ya Wifi," nikasema, nikaandika anwani yake palepale.

Ikafunguka. Viboksi. Viboksi vitupu, juu mpaka chini!

Wifi akarukia kompyuta yake, akaigeuza watu waione. "Hapana! Angalieni! Kwangu zinaonekana! Kwangu zinaonekana!"

Meneja akavua miwani. "Hilo neno tumeshalisikia leo," akasema.

Ningeishia hapo mngeshangilia, na mimi ningelala usingizi mzuri. Lakini haikuishia hapo.

Fundi aliwahi kuniambia kila picha ya tovuti ina sehemu ya kuandika maelezo nyuma yake. Picha ikionekana, maelezo hayaonekani. Picha ikikataa kufunguka, maelezo ndiyo yanayojitokeza kwenye kile kiboksi. Mimi nilifanya uvivu, sikuandika. Ndiyo maana viboksi vyangu vilikuwa bubu. Wifi yeye aliandika. Kwa mbwembwe zake, aliandika kila picha!

Kwa hiyo ukutani viboksi vyake vilikuwa vinasema: "Mahafali, kazi yetu." "Bustani, kazi yetu." "Upinde wa maua, ubunifu wa mkurugenzi."

Watu wakavunjika mbavu. Mimi nikacheka kwa dharau, nikawa nashuka chini ya ukurasa ili aibu imwingie mpaka kwenye mifupa. Nikabonyeza palipoandikwa Kuhusu Sisi.

Kiboksi kimoja kikubwa. Ndani yake maneno madogo.

Meneja ndiye aliyeyasoma kwa sauti:

"Mkurugenzi akiwa na kaka yake, mmiliki mwenza, siku ya kufungua ofisi."

Kicheko changu kikakatika.

Wifi yangu ana kaka mmoja tu duniani. Na huyo kaka nalala naye kitanda kimoja!

"Wifi..." akaanza.

"Usiniite wifi."

"Wifi, nisikilize, yeye ndiye aliyesema—"

"Kusanya vitu vyako utoke," Meneja akamwambia. Halafu akanigeukia, akaniambia kitu kuhusu kuja kusaini mkataba Jumatatu. Nilimwona midomo inacheza, nikaitikia kwa kichwa. Kazi niliyoiota nimeipata, na sikusikia hata neno.

Kwa sababu kichwani nilikuwa nimerudi asubuhi.

Asubuhi, mezani, mume wangu alikuja nyuma yangu na kikombe cha chai. Akainama juu ya bega langu, akaniuliza, "Umeshajaribu tovuti? Picha zinaonekana?"

Nikamwonyesha. "Hizi hapa."

Akakunja uso. "Zote?"

"Zote!"

Akatazama kioo muda mrefu, akajikuna shingo, akasema anatoka kupiga simu nje. Mimi nikajisemea, ona mwanaume anavyojali kazi ya mkewe!

Alikuwa anashangaa kwa nini bado zipo!

Nilifika nyumbani mapema. Nyumba ile aliniachia marehemu baba yangu, na mume wangu aliingia na begi moja. Nikaita fundi wa vitasa.

Jioni nikasikia ufunguo unahangaika mlangoni. Unaingia, haugeuki. Unatoka, unaingia tena. Akagonga.

"Mke wangu! Mlango una nini?"

Nikafungua dirisha la pembeni, lile lenye nondo. Tukatazamana.

Nilimpa nafasi, jamani. Hasira zangu zote, bado nilimpa nafasi. Nikasema moyoni, akianza na "nisamehe", nitamsikiliza. Sijui kama nitamsamehe, lakini nitamsikiliza.

Akalamba midomo. Akasema:

"Neno la siri umebadilisha?"

Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la mume wangu!

"Ulimpa wewe," nikasema.

"Yule ni dada yangu. Kazi ikienda kwake, si ingekuja hapahapa nyumbani? Ni familia moja."

"Ofisi imeandikwa jina langu?"

Akajaribu ufunguo tena.

"Picha ya kufungua ofisi mimi nimo?"

Akajikuna shingo.

"Na asubuhi ulipouliza 'zote?', ulikuwa unaniuliza mimi au ulikuwa unamkagua dada yako kama kamaliza kazi?"

Akatazama chini. Mtu mzima, ndevu zote zile, anachora sakafu kwa kiatu.

"Ulikuwa unajua kupamba kuliko sisi," akasema mwishowe, pole pole. "Ulikuwa hunihitaji kwenye lolote. Na mimi nilitaka kitu changu."

"Ungeniomba nikufundishe. Dada yako alinitumia ujumbe ana homa, nikampa pole. Wewe ulininywesha chai ukinitazama naenda kuaibika."

"Fungua tuongee ndani."

"Nguo zako ziko hapo pembeni."

Akageuka. Akaziona. Nilizikunja vizuri kabisa, mimi ni mpambaji, sijui kuweka kitu hovyo. Zilikuwa zimepangwa ndani ya beseni la njano.

"Mke wangu, acha utani! Ufunguo wangu haufungui!"

"Rifreshi," nikamwambia.

Nikafunga dirisha.

Mama mkwe amepiga simu, shangazi zake wamepiga, wote wanasema nimevunja nyumba kwa sababu ya picha. Wanasema mambo ya ndani yasitoke nje. Kwanza yalishatoka, yalisomwa ukutani na Meneja wa hoteli! Pili, mimi sijafukuza mtu kwa sababu ya picha. Nimemfukuza kwa sababu ya lile swali la dirishani.

Kazi ya hoteli nimeanza. Maelezo nyuma ya kila picha sasa naandika mwenyewe, sifanyi uvivu tena. Neno la siri nalijua mimi peke yangu.

Na wewe unayesoma hapa huku unatikisa kichwa ukisema "kwangu mambo ni safi", nakuambia kwa upendo: hata kwangu asubuhi ile yalikuwa safi. Picha zote zilikuwepo, chai ilikuwa mezani, mume alikuwa begani. Nilikuwa naangalia za akiba. Mapenzi yenyewe yalishahamishwa zamani, mimi sikuwahi kwenda kuangalia kwenye kompyuta ya mtu mwingine.